NANI ALIYEMKOMBOA MTUMWA?
Uhakiki wa Vitabu Juu ya Nyumba za Maficho Katika Marekani

Historia ya mapambano ya wanyonge mara nyingi huandikwa na wasiokuwa wanyonge. Katika makala hii tunahakiki vitabu juu ya nyumba za maficho zilizowapokea watu weusi waliokimbia utumwa wa Marekani kabla ya 1865. Mtandao huo uliitwa Reli ya Chini kwa Chini, ingawa haukuwa na reli wala gari moshi. Ulikuwa ni vyumba vya darini, maghala, makanisa na mikokoteni ya usiku, kuelekea majimbo ya kaskazini na Kanada. Swali letu ni moja: katika vitabu hivyo, nani mkombozi?

Mwaka 1898 Wilbur Siebert, mwalimu wa historia wa Ohio, alitoa kitabu kilichotawala fikra za watu kwa miaka mingi. Alikusanya barua na masimulizi, hasa ya wazee waliowahi kuwahifadhi wakimbizi na ya jamaa zao, akaorodhesha majina ya wasaidizi zaidi ya 3,200. Kazi hiyo si ndogo, na hatuidharau. Lakini kosa limo katika njia yake. Ukimwuliza mwenye nyumba, atakusimulia habari za nyumba. Hivyo mwenye nyumba akawa shujaa, na mkimbizi akawa kama mzigo unaopokelewa huku na kupelekwa kule.

Miaka 26 kabla yake, mwaka 1872, William Still alikwisha kutoa kitabu cha namna nyingine. Still alikuwa mtu mweusi, mtoto wa wazazi waliowahi kuwa watumwa, na karani wa chama cha kupinga utumwa mjini Philadelphia. Yeye alimwuliza mkimbizi mwenyewe: jina lako nani, bwana wako nani, kwa nini umeondoka, umewaacha nani nyuma? Mwaka 1850 mgeni mmoja alipojibu maswali hayo, Still alitambua kwamba aliyekaa mbele yake ni Peter, ndugu yake wa tumbo moja. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya kumtoza aliyemsaidia mkimbizi faini ya hadi dola 1,000 na kumfunga hadi miezi sita. Kwa hiyo daftari lile lilikuwa la hatari, na Still alilazimika kulificha.

Matokeo ya njia yake ni dhahiri. Tunawakuta William na Ellen Craft, waliotoka Georgia mwaka 1848. Ellen, mwenye ngozi nyeupe, alivaa mavazi ya kiume akajifanya bwana mgonjwa, na mumewe akajifanya mtumwa wake. Walisafiri mchana kweupe kwa gari moshi na meli mpaka Philadelphia, bila kupita katika maficho ya mtu yeyote. Tunaikuta pia nyumba ya William Parker huko Christiana, Pennsylvania. Mwaka 1851 bwana mmoja wa Maryland, Edward Gorsuch, alifika hapo na askari wa serikali kuwadai watumwa wake. Parker, ambaye mwenyewe aliukimbia utumwa, alikataa. Pembe ikapigwa, majirani weusi wakaja na silaha, na Gorsuch akauawa. Nyumba hiyo ililindwa na wale wale waliodhaniwa kuwa wa kulindwa.

Mwaka 1961 Larry Gara aliikosoa hadithi ya Siebert. Alionyesha kwamba wakimbizi wengi walijitegemea, na kwamba sifa za mtandao zilitiwa chumvi. Kwa jambo la msingi tunakubaliana naye. Lakini aliusukuma mzani kupita kiasi, hata umoja wa watu ukaonekana si kitu. Eric Foner aliusahihisha mwaka 2015 kwa kutumia daftari la mhariri Sydney Howard Gay wa New York, lenye habari za wakimbizi zaidi ya 200 wa miaka ya 1855 na 1856. Mtandao ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa wa kweli. Na aliyezunguka bandarini kuwatafuta wakimbizi alikuwa Louis Napoleon, mfanyakazi mweusi asiyejua kuandika.

Tusisahau pia mipaka ya nyumba hizo. Mwaka 1860 watu karibu milioni 4 walikuwa bado watumwa. Utumwa ulivunjwa na vita vya 1861 hadi 1865, ambamo watumwa kwa maelfu waliyahama mashamba na wengi wakashika bunduki.

Fundisho kwa kada ni hili. Nyumba ya maficho ilikuwa na maana kwa sababu mtu alikwisha kuamua kuondoka. Mlango haukumtoa mtu shambani. Na kada anayeandika taarifa ya kazi yake ajiulize kama amefuata njia ya Siebert au ya Still: je, amehesabu milango aliyofungua yeye, au amewauliza watu walitoka wapi, na kwa nguvu za nani?