Kabla ya Kutuma Linki

Baridi ya Juni, Soweto, Mbeya. Nimekaa pembeni ya dada mmoja mchambuzi wa takwimu, koti kalifunga hadi shingoni, namtazama akiandaa daftari la kupeleka Iringa. Daftari lenyewe liko Colab: maelezo, msimbo na majedwali ya mavuno ya mahindi, vyote kwenye faili moja linalofunguka katika kivinjari. Nilidhani kutuma ni kubonyeza tu. Alichukua karibu saa nzima, na sikuchoka kutazama.

Kwanza aliiwasha upya mashine ya Colab, akaendesha seli zote za msimbo kuanzia juu. Kila seli hubeba namba ya zamu yake; ukikuta 3, 17, 8, jua mwenye daftari alikuwa akirukaruka, na jibu unaloliona huenda lisipatikane tena. Zake zilijipanga kama matuta ya viazi Uporoto.

Kisha akarudi kwenye kijedwali cha mistari mitano ya mwanzo, kile ambacho kila mtu hukiacha. Mlikuwa na majina ya wakulima na namba zao za simu. Hapa wengi hujikwaa: faili la data hawalitumi, kumbe matokeo yaliyotokea chini ya msimbo husafiri na daftari. Akabadili majina kuwa namba, tena kwenye data yenyewe. Wala hakuridhika na kufuta, maana toleo la jana hubaki kwenye historia na mwenye ruhusa ya kuhariri anaweza kulifukua. Akafungua nakala mpya isiyo na jana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, lakini nadhani angefanya hivyo hata isingekuwepo. Baadhi ya namba zile za simu ni za shangazi zake.

Ndipo zikaja ruhusa. Bosi, kutazama. Bwana shamba, kutoa maoni, maana mbegu ya mahindi ya UH6303 anaijua kuliko msimbo wa Python. Mwenzake wa Iringa peke yake, kuhariri, lakini asiweze kumgawia mwingine: hiyo ni tiki moja iliyojificha kwenye mipangilio, na aliiondoa bila kuitafuta. Nikakumbuka sanduku la kikoba na kufuli zake tatu, kila ufunguo kwa mama wake.

Simu ikalia, ujumbe kutoka Iringa. “Kamwene dada. Limefunguka, limekubali lote.”

“Na wewe kaka, nikupe?” akaniuliza.

“Nipe ya kutazama.”

“Si umeshatazama?” Akafunga kompyuta.