Tarzan na Mzigo wa Mpagazi

Ni makosa kudhani kwamba filamu za Tarzan zilipendwa kwa sababu watazamaji walikuwa wajinga. Tarzan the Ape Man ilitoka Marekani mwaka 1932, ubepari ukiwa umedorora na mamilioni ya wafanyakazi hawana kazi. Mbele yao akatokea Johnny Weissmuller, bingwa wa kuogelea wa Olimpiki, katika sura ya mtu asiye na bwana, asiyedaiwa kodi ya nyumba wala kuogopa njaa. Kiu hiyo ya uhuru ilikuwa ya haki.

Lakini ulikuwa uhuru wa nani? Msitu ule ulitengenezwa California, na tembo wa Kiasia walibandikwa masikio ya bandia wafanane na wa Afrika. Picha halisi za Afrika zilikuwa mabaki ya filamu ya Trader Horn ya mwaka 1931, ambayo sehemu yake ilipigwa Afrika Mashariki. Basi ardhi yetu ikafanywa pazia, na watu wake wapagazi. Mpagazi mmoja anaporomoka jabalini. Mzungu anamsikitikia kwa neno moja, kisha anauliza mzigo ule ulikuwa na nini.

Hapo ndipo ilipo kasumba yenyewe: mnyonge wa Marekani aliuziwa ndoto ya uhuru kwa bei ya kumdharau mnyonge mwenzake. Kwa hiyo kupiga marufuku filamu hizi hakutoshi. Hatuna budi kuzitazama pamoja na vijana na kuzijadili. Na kada anayeongoza mjadala asianze na Tarzan. Aanze na mpagazi.