Neno "Sultani" katika Mkataba wa Msovero

Katika nchi yetu, mtu akitia sahihi karatasi asiyoielewa, akapoteza mali ya wenzake, husemwa kuwa amefanya mkataba wa Mangungu. Maneno haya husikika mabarazani, husomwa magazetini, na hufundishwa hata shuleni. Na watoto wa Kilosa na Mikumi huyajifunza kama watoto wa mikoa mingine, ingawa Msovero imo katika wilaya yao wenyewe. Twaona yafaa kuipima karatasi ile, kwa maana hukumu iliyopitishwa juu ya jina la mtu haina budi kusimama juu ya ushahidi. Na ushahidi huo, ukisomwa kwa makini, wawashitaki watu wengine kabla ya kumfikia Mangungu.

Habari zenyewe ni hizi. Mwezi wa Novemba 1884 walifika Unguja Wadachi wanne, Karl Peters na wenzake Jühlke, Pfeil na Otto, wakavuka bara. Kwa muda wa majuma machache walipita Unguru na Usagara, wakakusanya mikataba kumi na miwili. Ule wa Msovero uliandikwa tarehe 29 Novemba 1884. Wasema kwamba Mangungu, Sultani wa Msovero katika Usagara, amempa Peters nchi yake yote pamoja na haki zake zote, ili itumiwe na chama cha Wadachi, na kwamba jambo hili ni halali kwa nyakati zote. Uliandikwa Kidachi. Peters na wenziwe walitia sahihi. Mangungu alitia alama. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano wa Berlin kwisha, Kaisari alitoa barua ya kuzihami nchi hizo.

Basi na tulitazame neno lililobeba mzigo wote, yaani "Sultani". Neno hili latoka katika Kiarabu, nalo laonyesha mtu mwenye enzi juu ya nchi, asiye na mkubwa wake. Pwani lilikuwa na mahali pake: Seyyid Barghash wa Unguja aliitwa hivyo. Lakini je, katika Usagara palikuwa na enzi ya namna hiyo? Wasagara, kama Wakaguru, Waluguru na Wavidunda wa milima ya upande wa Mikumi, ni watu wa ukoo wa kikeni. Ardhi ilikuwa ya ukoo. Mkuu aliitunza kwa ajili ya waliokufa na watakaozaliwa, naye alirithiwa na mpwa wake, si mwanawe. Mtu wa namna hii aliweza kumkaribisha mgeni, kumpa mahali pa kulima, na kuamua magomvi. Kuitoa ardhi itoke kabisa katika ukoo hakukuwa katika uwezo wake, kwa kuwa haikuwa mali yake.

Kwa nini, basi, aliitwa Sultani? Kwa sababu sheria za Ulaya zilitaka hivyo. Nchi haikuweza kutolewa ila na mwenye enzi. Pasipo mwenye enzi hapana mkataba. Kwa hiyo karatasi kwanza ilimtawaza Mangungu, ndipo ikamvua. Katika mstari mmoja alipewa ufalme ambao hakuwa nao, na katika mstari uliofuata ufalme huo ukachukuliwa.

Ushahidi mwingine wa jinsi majina yalivyotumika ni mkataba wa tarehe 4 Desemba 1884, uliofanywa na yule aliyeandikwa "Muinin Sagara", akatajwa kuwa bwana wa Usagara yote. Msomaji ajuaye Kiswahili ataona mara moja kwamba hili halifanani na jina la mtu. Ni "mwinyi", neno la heshima la watu wa pwani, likaunganishwa na "Sagara". Tena jina lilo hilo liliandikwa kuwa ndilo jina la mahali. Wageni walisikia cheo kilichotamkwa na watu wa misafara, wakakidhani kuwa jina, kisha wakakijengea dola nzima.

Tukiacha maneno tukaja katika desturi, jambo lazidi kuwa wazi. Peters mwenyewe alieleza katika maandiko yake jinsi alivyozoea kuendesha mambo: kuketi karibu na mkuu, kunywa naye kileo, kumpa zawadi, kuchanjiana naye, kisha kutweka bendera na kupiga bunduki. Katika hayo yote, mkuu wa bara alilifahamu jambo moja vizuri sana, nalo ni kuchanjiana. Udugu wa kuchanjia ulikuwa ahadi ya pande mbili: nikipita kwako utanilinda, ukija kwangu nitakulinda. Hauhamishi ardhi. Twaamini kwa hiyo kwamba siku ile Msovero palifanyika mapatano mawili kwa wakati mmoja: moja la damu, ambalo mgeni hakulijali, na moja la wino, ambalo mwenyeji hakuweza kulisoma.

Wako watakaosema kwamba Mangungu alipokea zawadi, basi alikubali. Lakini kupokea zawadi ya mgeni ilikuwa adabu katika njia yote ya misafara, wala hapakuwa na mtu aliyeiona kuwa bei ya nchi. Tena tusisahau kwamba maelezo ya siku zile yaliandikwa na upande uliopata faida. Msovero haikuacha karatasi yake.

Sasa tuwatazame Waingereza, ambao mara nyingi husomwa kama mashahidi wasio na upande. Balozi wao Unguja alikuwa Sir John Kirk, mganga aliyepata kusafiri na Livingstone katika Zambezi, na aliyekuwa na sauti kubwa katika baraza la Barghash tangu mkataba wa 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa kwa bahari. Barghash alipopata habari, mwezi wa Aprili 1885, alimpelekea Kaisari simu ya malalamiko, akisema kwamba nchi zile ni zake tangu baba zake, na wakuu waliotoa nchi hawakuwa na amri ya kufanya hivyo. Kirk aliijua pwani na bara kuliko Mwingereza yeyote wa wakati wake. Lakini serikali yake ilimzuia. Uingereza ilihitaji urafiki wa Bismarck kwa sababu ya Misri, na mwezi wa Machi 1885 Warusi walipigana na Waafghani huko Penjdeh, ikahofiwa vita kubwa. Mwezi wa Agosti manowari za Kidachi zilitia nanga Unguja, na Barghash akakubali.

Lakini kosa tunalolitaja ni la namna nyingine. Katika mabishano yote, Wadachi walisema nchi ni ya masultani wa bara. Barghash na Waingereza walisema ni ya Sultani wa Unguja. Hapana aliyeuliza kama Usagara ilikuwa na sultani yeyote. Mwaka uo huo Jenerali Mathews, Mwingereza aliyeongoza askari wa Barghash, alipelekwa Kilimanjaro, naye akakusanya alama za wakuu wa Uchaga na Taita waliokiri kuwa chini ya Unguja. Ugonjwa ulikuwa mmoja; dawa iliyotumika ilikuwa ugonjwa ule ule.

Vita ya kwanza ya dunia ilipofika kwetu, jambo hili lilirudi kwa sura mpya. Majeshi ya van Deventer yaliingia Kilosa tarehe 22 Agosti 1916, na nyuma yao wakaja maofisa wa siasa, ambao kazi yao ilikuwa kumtafuta mkuu katika kila nchi. Sheria ya mwaka 1926, katika utawala wa Gavana Cameron, iliwapa wakuu hao mabaraza na hazina. Mtaalamu Beidelman, aliyekaa Ukaguru tangu 1957, alionyesha kwamba ukuu ulioinuliwa huko haukuwa mila ya kale tupu. Ulitokana kwa sehemu kubwa na watu waliokwisha kupatana na wageni wa kwanza katika njia ya misafara. Serikali ililiita jambo hilo desturi ya kabila. Mamlaka hayo yalifutwa mwaka 1963.

Wala si kwetu tu. Katika vita iyo hiyo Waingereza walikuwa kusini mwa Uajemi, wakishughulika na Waqashqai. Huko walimkuta mkuu aliyeitwa ilkhani, wakapatana naye. Naye alipowapinga mwaka 1918, akawekwa ndugu yake mahali pake. Mtu wa mbali hupenda kuongea na mtu mmoja, na asipompata humfanya.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, twaomba mambo matatu. Kwanza, mkikusanya habari za wazee wa Kilosa na Mikumi, andikeni cheo katika lugha ya wenyewe, kama vile "mndewa", wala msikigeuze kuwa sultani au chifu kwa haraka. Pili, ulizeni kila mkuu alikuwa mpwa wa nani, maana hapo ndipo haki yake ilipo. Tatu, ulizeni aliweza kutoa nini na hakuweza kutoa nini.

Na mtakapowafundisha watoto mkataba wa Msovero, wafundisheni kuusoma neno kwa neno. Mtoto atakayeuliza, "Nani alimpa Mangungu usultani?" amekwisha kuifahamu habari yote. Na mtoto wa Msovero atakayelisikia swali hilo hatakuwa na sababu ya kuinamisha kichwa jina la mzee wake litajwapo.