Bilbao: jumba lililojengwa bila futikamba

Ukitazama kuta za Jumba la Makumbusho la Guggenheim mjini Bilbao, kaskazini mwa Hispania, huoni mahali ambapo fundi angeegemeza pimamaji akaridhika. Zinabinuka, zinajikunja na kupishana juu ya mto Nervión. Umbo la namna hiyo kwa kawaida humfilisi mwenye mradi: Jumba la Opera la Sydney lilikadiriwa kugharimu dola milioni 7 za Australia, likamalizika mwaka 1973 likiwa limekula milioni 102. Huko Bilbao, ujenzi ulioanza 1993 ulikamilika kwa wakati, jumba likafunguliwa Oktoba 1997, na gharama haikuvuka bajeti ya dola milioni 100 hivi za Marekani.

Sifa zote alimiminiwa msanifu wake, Frank Gehry. Anastahili. Lakini kwa sisi tunaoshughulika na ujenzi, kilicho kikubwa zaidi pale ni safari ya kipimo kimoja, kutoka mezani kwa msanifu hadi kwenye tundu la bolti, bila mtu yeyote njiani kukipima upya.

Safari hiyo ilianzia Barcelona. Kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya 1992, Gehry alibuni sanamu kubwa ya samaki kwa vyuma vilivyosukwa, na michoro ya karatasi ikashindwa kuwaeleza watengenezaji umbo lake. Jim Glymph, mshirika wa Gehry ofisini, akatafuta msaada kwa watu wa ndege. Wakaipata CATIA, programu ya kampuni ya Kifaransa ya Dassault Systèmes, iliyoundwa kwa ajili ya kusanifu ndege. Wasanifu majengo wengi wa wakati huo walichora mistari kwenye kompyuta kama walivyoichora kwenye karatasi. CATIA iliushika uso wenyewe wa kitu, kiasi kwamba ungeweza kuuliza nukta yoyote juu yake iko wapi hasa. Samaki akasimama, na ofisi ikawa imepata njia.

Hata kwa jumba la Bilbao, Gehry mwenyewe hakubuni kwa kompyuta. Alikata mbao na karatasi, akakunja, akabandika, akabandua. Mfano ulipomridhisha, wasaidizi waliupitishia mkono wa kielektroniki wenye ncha, unaosoma nukta moja baada ya nyingine na kuzipeleka kwenye kompyuta. Kutokana na nukta hizo uso ukajengwa ndani ya CATIA, kisha mashine ikachonga mfano wa pili kutoka kwenye kompyuta ili ulinganishwe na ule wa mkono. Palipotofautiana, walirudi kurekebisha.

Baada ya hapo hesabu ikawaangukia wahandisi wa kampuni ya SOM. Hawakujaribu kukunja nguzo na mihimili ifuate umbo la nje. Kiunzi kikuu ni vyuma vinyoofu vilivyounganishwa kwa kufuatana, na mpindo umeachiwa tabaka za juu yake: mabomba membamba, kisha mabati, kisha utando wa kuzuia maji, na mwisho vipande vya titani vyenye unene wa milimita 0.38, vilivyopangwa kama magamba. Vyuma vinyoofu ni rahisi kukata na rahisi kukadiria. Hapo ndipo fedha ilipookolewa, na uamuzi huo usingewezekana kama wahandisi wasingeweza kujua umbali kutoka kila fundo la kiunzi hadi kwenye ngozi ya nje. Modeli ya CATIA iliwapa umbali huo.

Chukua chuma kimoja tu. Modeli ilikabidhiwa kwa watengenezaji wa vyuma, na programu yao ikatoa urefu wa chuma hicho, pembe za ncha zake na mahali pa kila tundu. Karakanani kikakatwa, kikatobolewa, kikawekewa bakodi na alama za mahali kitakapokutana na tabaka nyingine. Kilipofika kwenye eneo la ujenzi, fundi alisoma bakodi, akapata namba za nukta ambapo ncha zake zinapaswa kukaa angani. Kreni ikakinyanyua, mpimaji akakilenga kwa leza iliyounganishwa na modeli, kikasogezwa hadi namba zilipokubaliana, bolti zikakazwa. Futikamba haikuwa na kazi.

Linganisha na desturi. Msanifu anachora, mhandisi anachora upya, mtengenezaji wa vyuma anachora tena, na fundi anapima mwenyewe kwa sababu hamwamini yeyote kati yao. Kila hatua inaongeza kosa lake, na makosa hayo hugunduliwa bomba la kiyoyozi linapogonga boriti ambayo zege lake limeshakauka.

Asemaye kwamba ni programu tu iliyofanya kazi, aangalie Los Angeles. Gehry alichaguliwa kusanifu Ukumbi wa Muziki wa Walt Disney mwaka 1988, kabla ya Bilbao, na CATIA ilitumika huko pia. Lakini michoro ya ujenzi ilikabidhiwa kwa kampuni nyingine. Makadirio ya gharama yakapaa, na mwaka 1994 mradi ukasimama huku gereji ya chini ikiendelea kujengwa. Ulipofufuliwa, binti yake Walt Disney, Diane Disney Miller, alisimama kidete kwamba ofisi ya Gehry ndiyo iandae michoro hiyo. Ujenzi ulianza tena 1999 na ukumbi ukafunguliwa Oktoba 2003. Kilichobadilika zaidi ni nani aliyeshika kipimo, na nani aliyewajibika kukifikisha kwa mkandarasi.

Hili ndilo linaloniumiza ninapotazama matumizi ya modeli kwetu. Ofisi nyingi za Dar es Salaam na Nairobi zina programu za modeli kama Revit au ArchiCAD na vijana wanaozimudu vizuri. Modeli inatengenezwa, picha nzuri zinatolewa, mteja anafurahi. Kisha jengo linabanwa kuwa karatasi, mkadiriaji majenzi anahesabu upya kwa mkono, fundi wa mabomba anapewa nakala iliyofifia, na modeli inabaki kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Gharama ya kuiunda imeshalipwa. Faida yake inaachwa ofisini. Tiba iko kwenye mkataba: zabuni iseme modeli ni ya nani, nani anairekebisha kila badiliko linapotokea, na kwamba palipo na tofauti kati yake na karatasi, modeli ndiyo inayofuatwa.

Mkataba huo pia utaje modeli itahojiwa kuhusu nini. Sehemu moja ya ukumbi wa Los Angeles ilifunikwa kwa chuma cha pua kilichong'arishwa sana, kikiwa kimebinuka kuelekea ndani. Umbo lake lilijulikana kwa usahihi kabisa, ila jua lilipopiga, mwanga na joto viliakisiwa kwenye nyumba za jirani, na mwaka 2005 ilibidi uso huo usuguliwe upungue mng'ao. Leo kupitisha jua la mwaka mzima juu ya modeli ni kazi ya kawaida ya kompyuta ya ofisini, na katika miji yetu, ambako kuta za vioo zinaongezeka kila mwaka, jaribio hilo linapaswa kudaiwa kabla ya kibali cha ujenzi kutolewa.