Neno jepesi, mzigo mzito

Kamusi ndogo tunayotumia na vijana kituoni inalieleza neno flit la Kiingereza kwa ufupi: kurukaruka kwa wepesi, kama kipepeo juu ya maua. Sawa. Lakini hiyo ni nusu tu ya maana, na nusu iliyobaki inatuhusu sisi.

Neno hili lilifika Uingereza na watu wa kaskazini, wale Vikingi. Kwao flytja ilikuwa kubeba kitu kukipeleka mahali pengine. Hadi leo watu wa Denmaki, Norwe na Uswidi wakihama nyumba wanatumia ndugu wa neno hilo. Kule Uskoti nako, mtu akikwambia anafanya flit, ujue anafunga vitanda na masufuria. Yaani mzigo ulitangulia, kipepeo akaja baadaye.

John Clare, kibarua wa mashamba aliyekuwa mshairi, alilijua neno kwa uzito huo. Mwaka 1832 alihama kijiji chake cha Helpston akaenda Northborough, kama kilomita tano hivi. Shairi lake kuhusu kuhama huko linaitwa The Flitting. Hakukimbia risasi. Wafadhili walimtafutia nyumba nzuri zaidi, na bado analia: hata jua la pale ni geni kwake. Kinachomfariji ni gugu dogo linaloota kote, alikotoka na alikofika. Shairi ni refu, na katikati anaanza kugombana na washairi wa maneno makubwa. Hapo mimi huchoka. Ila lile gugu linaniambia ukweli kuliko hotuba nyingi.

Hapa kambini familia ikihamishiwa zoni nyingine, wafanyakazi wa mashirika hushangaa: nyumba mpya ni imara, sasa mama analia nini? Clare amewajibu. Mama ameacha mwembe alioupanda, jirani wa kumwachia mtoto, na njia ya bombani ambayo miguu yake inaijua hata gizani. Umbali haupimi hasara.

Kiswahili nacho kina mtego huohuo. Hama ni tendo zito. Lirudie, hamahama, na mtu anaonekana hatulii tu, basi. Ndugu zetu mnaoandika ripoti, chagueni neno vizuri. Sisi tunahama. Kurukaruka tuwaachie vipepeo.