Fundi wa Injini Zisizo na Haraka

Katika karakana za Katoro, mkoani Geita, injini mbovu hufika ikiwa imefungwa kamba juu ya guta la mizigo, vumbi jeupe la mawe likiwa limegandamana na oili kwenye kila pembe yake. Mara nyingi ni ya dizeli, ya silinda moja iliyolala, ya muundo wa Kichina unaojulikana kwa namba S195: kipenyo cha silinda milimita 95, mwendo wa pistoni milimita 115. Kuishusha kunataka vijana kadhaa wenye migongo imara. Imetoka machimboni, pengine Rwamgasa, pengine Nyarugusu, ambako kazi yake ni kuzungusha karasha, lile pipa la chuma lenye gololi ndani linalosaga mawe ya dhahabu hadi yawe unga. Makarasha makubwa huzungushwa na ndugu yake mkubwa, S1115, lakini anayeijua moja amezijua zote.

Fundi niliyemtazama hakuanza na spana. Aliingiza hendeli, akaizungusha taratibu. Injini nzima husukuma mkono urudi nyuma pale pistoni inapobana hewa. Hii ilipita kirahisi, bila kumkatalia. Akarudia, safari hii kichwa kimeinama karibu na tundu la kupumulia, akasikia hewa ikichuruzika kuelekea kwenye oili badala ya kubaki juu ya pistoni. Kisha akafungua nati ya chini, akapokea matone ya oili kiganjani, akayasugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Oili ilikuwa nyeusi na ina chengachenga.

"Unaona hii?" alimwambia kijana wake. "Ni mawe haya. Wamesaga mawe nje, na ndani wamesaga injini."

"Ndiyo, mzee."

Mawe ya dhahabu ya ukanda huu yamejaa kwatzi, na usagaji wa makarasha mengi ni mkavu. Vumbi lake ni gumu kuliko chuma cha silinda. Likipenya kwenye fulta ya hewa hukwaruza kila linapopita, kama linavyodhuru mapafu ya wanaofanya kazi pale.

Inafaa kuijua tabia ya injini hii kabla haijafumuliwa. Ujazo wake ni cc 815 na nguvu zake ni za farasi 12. Pikipiki ya Boxer ya cc 150, inayobeba abiria nje ya karakana hiyohiyo, nayo hutoa nguvu za farasi zipatazo 12. Mtu akizisoma namba hizo harakaharaka atadhani aliyeunda S195 alipoteza chuma bure. Lakini nguvu ni zao la mambo mawili: msukumo wa kila mzunguko, na wingi wa mizunguko. Boxer huzifikia nguvu hizo ikizunguka mara 7,500 hivi kwa dakika. S195 huzifikia kwa mizunguko 2,000 tu. Kila mzunguko wake, basi, una msukumo zaidi ya mara tatu.

Karasha linataka msukumo huo, halitaki mbio. Pipa lenye kipenyo cha mita moja likizidi mizunguko 42 hivi kwa dakika, gololi hung'ang'ania ukutani badala ya kupanda na kuyaangukia mawe, na usagaji hukoma. Kwa hiyo lazima lizunguke polepole, na lizunguke usiku kucha. Injini inayozunguka mara 2,000 kwa dakika husugua silinda yake mara chache kwa saa kuliko ile ya mbio, na ukuta mnene wa chuma chake hupokea joto bila kuhangaika. Ukubwa wake ni akiba.

Waunda magari wa Marekani walilifikia wazo hili kwa njia yao. Cadillac Eldorado ya mwaka 1976 ilikuwa na injini ya lita 8.2 iliyotoa nguvu za farasi 190. Petroli kwao ilikuwa rahisi, barabara ndefu, gari zito, na gia za kujibadilisha zilikuwa tatu tu, hivyo injini ilipaswa kuvuta vizuri tangu mizunguko ya chini. Uingereza, kuanzia 1921 hadi 1947, ilitoza kodi ya gari kwa kupima kipenyo cha silinda, na waundaji wake wakabana silinda ziwe nyembamba. Marekani haikuwa na kodi ya namna hiyo kwa nchi nzima. Baadaye, Sheria ya Hewa Safi ya 1970 iliwasukuma Wamarekani kupunguza mbano wa hewa ndani ya silinda, na kuanzia 1972 wakaanza kutangaza nguvu iliyopimwa injini ikiwa na vifaa vyake vyote. Namba zikashuka, ukubwa ukabaki. Barabara za Geita na Kahama zina mfano wao: Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 bila tabo, yenye nguvu za farasi 130 hivi. Gari dogo la siku hizi hutoa nguvu hizo kwa chini ya nusu ya ujazo huo, lakini halipelekwi kule mkonga unakopelekwa.

Fundi sasa alianza kuifumua injini. Aliiosha kwanza kwa dizeli na brashi, kwa sababu uchafu wa nje hauruhusiwi kuingia ndani. Akafungua silinda hedi, akaondoa kifuniko cha nyuma, akalegeza bolti mbili za konrodi, akaisukuma pistoni mpaka ikatokea upande wa hedi. Kila nati aliiweka kwenye bakuli kwa mpangilio ilivyotoka. Akapitisha ukucha ndani ya slivu, kuanzia mdomoni. Pale ringi ya kwanza inapogeukia, ukucha ulikwama kwenye ukingo. Huo ndio ulaji.

Kuupima ulaji huo alitumia ringi moja na filagauji. Aliitumbukiza ringi mahali ambapo ringi za pistoni hazifiki, hivyo hapakulika, akainyoosha kwa kuisukuma na kichwa cha pistoni, akapima uwazi kati ya ncha zake mbili. Kisha akaisogeza hadi palipolika zaidi, akapima tena. Uwazi ulikuwa umeongezeka kwa milimita 0.6. Akagawa kwa 3.14, maana uwazi huongezeka kwa kadiri ya mzingo. Slivu ilikuwa imepanuka kwa karibu milimita 0.2. Hakuwa na kipimo cha bei kubwa, lakini jibu lake lilikuwa sahihi, na alilipata kwa kutoharakisha kitu chochote.

"Hii haisafishiki," alisema. "Tunaweka mpya."

Slivu ya S195 huzungukwa na maji moja kwa moja, ikizibwa na mipira miwili. Alikwangua kutu mahali mipira inapokaa mpaka chuma kikang'aa, akapaka maji ya sabuni, akaisukuma slivu mpya kwa viganja tu. Nyundo haikuguswa, kwa kuwa mpira ukijikunja hapo maji yatashuka kwenye oili. Halafu akajaza maji na kuiacha ikae huku akifanya kazi nyingine. Aliporudi alipapasa chini ya slivu kwa kidole. Pakavu.

Kazi hiyo nyingine ilikuwa valvu. Alipaka dawa ya kusagia kwenye ukingo wa kila moja, akaizungusha kwenye kiti chake huku na huku, akiinyanyua na kuigeuza kila baada ya muda ili isilike upande mmoja. Mlio ulianza ukiwa wa kukwaruza, ukapungua ukawa laini. Alipofuta, kulikuwa na mstari mmoja wa kijivu, wenye upana uleule mzunguko mzima. Akazifunga kwa springi zake, akamimina mafuta ya taa kwenye njia ya hewa na kusubiri. Hayakuvuja hata tone.

Ringi mpya alizipima moja baada ya nyingine kabla ya kuzivisha. Iliyobana aliinoa ncha kwa tupa ndogo, akapima, akainoa tena kidogo. Alipozivisha alizipanga nafasi zake zisikae mstari mmoja, hewa isipate njia ya moja kwa moja. Gia alizirudisha kwa kufuata alama zake: ya krenki, ya kemu, ya pampu ya nozeli, na za zile shafti mbili za mizani zinazotuliza mtikisiko. Alizihakikisha, kisha akamwita kijana azihakikishe pia, bila kumwambia alichokiona yeye.

Kabla ya kufunga hedi moja kwa moja, alibandika vipande vya waya wa risasi juu ya pistoni kwa grisi, akafunga, akazungusha hendeli mara moja, akafungua. Risasi iliyobanwa ilimwonyesha nafasi iliyobaki kati ya pistoni na hedi. Aliipima kwa venia, akaridhika, akafunga tena, bolti zikikazwa kwa zamu za mkingamo, kidogokidogo. Mwisho akaweka nafasi za valvu injini ikiwa baridi: milimita 0.35 ya kuingiza hewa, 0.45 ya kutoa moshi, ambayo hupata joto zaidi na hivyo hurefuka zaidi.

Ilipowaka, kiboya chekundu kilisimama juu ya tangi la maji na kialama cha oili kikapanda. Fundi hakushangilia. Aliiacha izunguke bila mkanda, akigusa ukuta wake kwa mgongo wa mkono, akitazama moshi mpaka ukawa hauonekani.

Mwenye karasha alikuja akiwa na ombi moja. Alitaka gavana ikazwe ili injini ikimbie zaidi, asage mifuko mingi kwa usiku. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu kwa upole:

"Bosi, ukikimbiza pipa, gololi zinagandia ukutani. Utachoma dizeli zaidi na utasaga kidogo. Na hii nafasi unayotaka kuitumia ndiyo itakayokufikisha mwakani."

Akafunga skrubu ya gavana kwa waya. Akaagiza siku za mwanzo mzigo uwe nusu, oili ya kwanza imwagwe mapema, na fulta ya hewa ioshwe kila siku karasha linaposaga.

Aliyebuni injini kubwa na kuiomba nguvu kidogo aliacha nafasi ndani yake: nafasi ya vumbi, ya dizeli isiyo safi, ya usiku mrefu. Nafasi hiyo huliwa kidogokidogo, sehemu ya kumi ya milimita kwa sehemu ya kumi. Kazi ya fundi wa Katoro ni kuirudisha kwa vipimo hivyohivyo vidogo, kisha kumshawishi mwenye mali asiitumie yote kwa siku moja. Umeme unapofika machimboni, mota zinachukua nafasi ya injini hizi, nazo zitalika beringi na kuhitaji mtu wa kuzisikiliza kabla ya kuzifungua. Mikono iliyojifunza kwenye S195 itakuwa tayari.