Kushutumu, Kulaani au Kukaripia? Kitenzi "censure" katika Kiswahili cha Bunge

Makala haya yanahakiki namna kitenzi cha Kiingereza "censure" kinavyohamishiwa katika Kiswahili cha siasa. Tunadai kwamba visawe vilivyozoeleka vinapotosha tendo la kisheria linalotajwa.

Asili ya kitenzi hicho ni Kilatini, katika ofisi ya Kirumi iliyohesabu raia na kusimamia maadili yao. Katika matumizi ya kibunge hakimaanishi kusema mtu vibaya tu; kinadai chombo chenye mamlaka, kosa lililotajwa na uamuzi uliopigiwa kura. Mfano wa karibu ni Ibara ya 118 ya Katiba ya Uganda ya 1995. Humo Bunge linaweza kupitisha azimio dhidi ya waziri kwa kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote, naye ana haki ya kusikilizwa wakati wa mjadala. Azimio lenyewe halimwondoi: asipojiuzulu, Rais ndiye anayetakiwa kuchukua hatua. Jim Muhwezi (1998) na Sam Kutesa (1999) walipitishiwa azimio la namna hiyo.

Kushutumu hakutoshi. Neno hilo lina asili ya Kiarabu yenye maana ya kutukana, na yeyote aweza kushutumu, hata akiwa peke yake barazani. Kulaani kuna kasoro kubwa zaidi, ingawa vyombo vya habari vimekukumbatia. Msikilizaji wa Gisimenti aliyekulia katika Kinyarwanda hutenganisha kuvuma, yaani kuapiza, na kwamagana, yaani kupinga jambo hadharani. (Kwamba kuvuma kwa Mswahili ni kwa upepo na ngoma ni mtego mwingine.) Tangu Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, msikilizaji huyo ni mtumiaji wa nyaraka zetu, nasi tunampa neno moja pale ambapo lugha yake ina mawili. Je, Bunge limemwapiza waziri?

Wapo wanaopendekeza "kura ya kutokuwa na imani". Hili ni kosa la kisheria, si la mtindo. Kwa Ibara ya 53A ya Katiba ya Tanzania, kura hiyo ikipita Waziri Mkuu hulazimika kujiuzulu. Kuitumia kwa Ibara ya 118 ni kulipa Bunge la Uganda nguvu ambayo halikupewa.

Kusuta kwa watu wa pwani kunakaribia zaidi: msutaji huja na mashahidi, husema mbele ya watu, na msutwaji huweza kujibu. Lakini hakuna kura, na harufu ya ugomvi wa mtaani ni kali mno kwa katiba. Kinachobaki ni karipio, neno ambalo tayari linatumika katika nidhamu ya kazi. Tungeandika: "Bunge laweza kupitisha azimio la kumkaripia waziri." Tumewahi kupingwa kwamba kukaripia ni kwa mzazi kwa mtoto, na kwamba waziri si mtoto. Pingamizi hilo linatusaidia, kwa kuwa anayekaripia sharti awe na mamlaka juu ya anayekaripiwa, na katika ibara hiyo Bunge linayo.